TAHADHARI: Muuzaji wa "beji za watumwa" na medali za kale za Marekani kwenye magrupu yetu

Wakuu, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya Waswahili tulioko Marekani, hasa ya WhatsApp na Telegram, akiuza tokeni na medali za kale za Kimarekani. Jina siliweki, kwa sababu kila grupu anaingia na jina jingine, na nina wasiwasi kwamba moja kati ya hayo ni la mtu asiyehusika kabisa. Mtambueni kwa mali yake na kwa mwendo wake. Picha zake zote hupigwa juu ya kitambaa kilekile cha kijani, upande mmoja tu wa kitu unaonekana, ukingo hauonekani kamwe. Baadhi ya waliouziwa wameniletea vitu vyao nivikague, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyashika mkononi, sikuyasikia kijiweni.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba huyu bwana anaanza kwa kuuza mali halali. Mzigo wa kwanza huwa tokeni za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mnajua historia yake: vita vilipopamba moto watu walificha sarafu, hata senti zikaadimika madukani, ndipo wenye maduka, baa na viwanda wakaanza kupigisha visarafu vyao vya shaba, ukubwa ule ule wa senti, milimita 19 hivi. Nyingi zimeandikwa 1863. Bunge la Marekani lilizipiga marufuku mwaka 1864, lakini zilikuwa zimeshatengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana hadi leo ile ya kawaida unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Kuna moja ninayoipenda sana, ina agizo la waziri wa fedha John Dix la mwaka 1861 kwamba atakayejaribu kuishusha bendera ya Marekani apigwe risasi papo hapo. Fundi mmoja aliyechonga chapa akakosea herufi, badala ya SPOT akaandika SPOOT, na tokeni zikatoka hivyo hivyo.

Tapeli wetu hukutumia tokeni kama hizo, halisi, zimefungwa vizuri, zinafika kwa wakati. Unamsifia grupuni. Sifa zako anazipiga picha na kuzipeleka grupu jingine. Hasara yake hapo ni ndogo sana, na wewe umeshakuwa tangazo lake.

Mzigo wa pili ndio wenyewe.

Anakuja inboksi, si hadharani. Anakuita "mwanangu" au "mdogo wangu" kulingana na anavyokukadiria umri, anakwambia amepata kitu ambacho hataki Mzungu akichukue, kitu cha babu zetu. Halafu anakuonyesha beji ya mtumwa kutoka Charleston, South Carolina, pamoja na barua iliyochakazwa makusudi inayosema beji hiyo ilivaliwa na mtu aliyechukuliwa Bagamoyo. Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao wanatoa pesa. Siwalaumu. Ukishikishwa kitu kama hicho ukiwa mbali na nyumbani, moyo unatangulia.

Sasa tuongee kuhusu beji zenyewe, maana ni vitu vya kweli na vina uzito wake. Mjini Charleston sheria ilimtaka mwenye mtumwa anayetaka kumkodisha kwa watu wengine amnunulie beji kutoka mji, na beji hiyo ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha analipia nyingine. Mtumwa alitakiwa aivae. Utaratibu huo ulidumu hadi vita vilipoumaliza utumwa mwaka 1865. Beji ilikuwa kipande cha shaba nyekundu chenye tundu, chenye mambo manne: jina la mji, kazi, namba na mwaka. Kazi zilikuwa kama mtumishi wa nyumbani, mchukuzi, fundi, mvuvi, muuza matunda. Jina la mtu halimo. Alikotoka hakumo. Kwa hiyo barua yoyote inayodai kujua kwamba beji fulani ilikuwa ya mtu wa Bagamoyo, au wa Kilwa, au wa popote pale, imetungwa. Na kwa taarifa tu, wengi wa waliofikishwa Charleston walitoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola.

Beji zake nilizokagua zina neno SLAVE katikati, kwa herufi kubwa. Beji za kukodisha za Charleston hazikuandikwa hivyo, ziliandikwa kazi. Aliyetengeneza hizi alitaka mnunuzi wa leo aelewe haraka anachonunua. Pili, ni shaba ya njano, si nyekundu. Tatu, zimesubiwa kwenye kalibu. Beji halisi ilikatwa kutoka bamba la shaba, maandishi yakagongwa kwa mhuri, na tarakimu za namba zikagongwa moja moja kwa mkono, ndiyo maana unakuta moja imezama zaidi au imelala upande. Za huyu bwana tarakimu zimekaa mstari mmoja safi, na kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyokwishatumika. Ukiweka lenzi unaona vitundu vya hewa juu ya uso mzima.

Na kama hayo hayatoshi: mtu mmoja Texas na mwingine Minnesota wana beji ya mwaka mmoja, kazi moja, namba moja, na mkwaruzo uleule unaoanzia kwenye tundu kushuka kulia. Namba ya kazi moja kwa mwaka mmoja ilikuwa ya mtu mmoja. Mikwaruzo nayo haizaliwi pacha.

Bei yake ni mtego wa aina yake. Anataka mia chache za dola, na anakuambia kwenye minada inakwenda zaidi. Hapo hasemi uongo: beji halisi huvuka dola elfu moja kwa urahisi, na za kazi adimu hupanda mbali sana. Lakini jiulize kwa nini mtu mwenye kitu cha maelfu akuletee wewe kwa mia chache, usiku, inboksi.

Karibuni amehamia kwenye medali za amani, zile ambazo marais wa Marekani waliwapa wakuu wa mataifa ya Wenyeji wa Amerika. Anayoitangaza ni ya Thomas Jefferson, yenye mwaka 1801, nyuma kuna mikono miwili iliyoshikana, shoka na kiko vimepishana, na maneno PEACE AND FRIENDSHIP. Lewis na Clark, wapelelezi aliowatuma Jefferson, walibeba medali za namna hiyo kwenye safari yao kwenda magharibi. Sasa sikilizeni. Za Jefferson zilizotolewa kwa machifu zilikuwa za fedha, na hazikuwa kipande kizima: ni mabamba mawili membamba yaliyounganishwa kwa ukingo, ndani tupu. Baadaye kiwanda cha sarafu cha serikali kikapiga nakala za shaba kwa ajili ya wakusanyaji, na nakala hizo kiliendelea kuziuza kwa miaka mingi. Hizo ni halali, ni nzuri kuwa nazo, na ni za bei ndogo. Halafu kuna takataka za madini ya kijivu za kuuzia watalii. Ya huyu bwana ni kundi hili la mwisho, imepakwa rangi ya fedha. Ni nzito na imejaa ndani, ukingoni ina mstari wa kalibu kuzunguka, na chini ya picha ya Jefferson pana sehemu iliyosuguliwa na tupa hadi ikabonyea.

Ile sehemu iliyosuguliwa ina maelezo yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala ya sarafu, tokeni au medali ya ukumbusho igongwe neno COPY, na mwaka 2014 ikakazwa zaidi dhidi ya wauzaji na wanaowasaidia. Ukiona medali imechakaa kila mahali kwa uwiano mmoja isipokuwa doa moja dogo lililolimwa, fahamu kuna neno lilikuwa pale.

Kuhusu malipo: anakataa kabisa njia yoyote yenye ulinzi wa mnunuzi. Anataka Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa benki kwa benki, au PayPal kwa ile njia ya marafiki na familia, ambayo haina ulinzi wa manunuzi. Ukisita anakwambia umtumie dada yake Dar kwa simu, eti ana mgonjwa hospitalini. Pesa ikishaingia, mzigo unafika kweli, ila ukilalamika anakujibu kwamba wewe hujui kukagua, kisha anakufungia. Kuna mama mmoja alimwomba tu picha ya ukingo. Alitukanwa hadi akaondoka grupuni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kwake au kwa mwingine yeyote: omba picha ya pande zote mbili na ukingo, uzito kwa gramu, na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ikiwa kando ya kitu. Kama kimo ndani ya kasha la kampuni ya uthibitisho, chukua namba ya cheti ukaiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe na picha iliyopo pale, maana makasha nayo yanaghushiwa.

Waliokwisha nunua, msikiuze tena kujaribu kurudisha pesa. Kosa litahamia kwenu. Wekeni bahasha yenye stempu na anwani ya alikotuma, mazungumzo yote, na risiti ya malipo. Pigieni benki leo, si kesho. Ripotini FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, ambao ndio wasimamizi wa ile sheria ya 1973, na kwa kuwa mzigo ulipita posta, pelekeni pia malalamiko kwa wakaguzi wa Posta ya Marekani. Aliyelipa kupitia Dar ahifadhi ujumbe wa muamala na jina lililotokea.

Mwenye beji yake anitumie inboksi picha ya namba na ya tundu, kwa mwanga wa mchana, bila kuisafisha. Nazipanga pamoja ili zile pacha zionekane kwenye ripoti moja.