Boila liko darini, fundi kaishia kwenye kapeti

Niliandika nyota moja nikafuta, nikaandika tatu nikafuta tena. Nimeacha mbili, na hata hizo sina hakika nazo. Sifa za boila lenyewe, yaani mtambo wa gesi unaopasha joto nyumba na maji, mtazikuta kwenye matangazo yao, sitawachosha nazo. Ninachotaka kueleza ni waranti ya miaka saba, na mtu aliyesimama kwenye korido yangu nyumba nzima ikiwa haina joto, akatazama juu, kisha akarudisha boksi lake la vifaa garini.

Tunaishi Uingereza, nyumba ndogo, jiko finyu. Tulipobadilisha boila miaka michache iliyopita, fundi aliyelifunga alitushauri lipandishwe darini. Alisema tutapata nafasi ya kabati jikoni na kelele hatutazisikia. Tukafurahi. Na fundi huyo hatukumwokota barabarani. Tulimpata kwenye orodha ya kampuni yenyewe inayotengeneza boila, orodha ya mafundi inaowaamini, na kwa kuwa yumo humo ndiyo maana tukapewa miaka saba badala ya michache. Akalisajili, cheti kikaja kwa posta. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza boila limewekwa wapi. Sevisi ya kila mwaka nimelipa bila kukosa, kitabu kimejazwa na kusainiwa, na aliyekuwa akiifanya ni huyohuyo aliyelifunga. Anakuja na ngazi yake, anapanda, anashuka, anaondoka. Sikuwa na sababu ya kushtuka.

Kipindi cha baridi kilichopita, usiku, likazima. Rediata zikapoa, maji ya moto yakakata. Mama yuko kwangu na miguu yake ina baridi yabisi, na kuna mtoto ambaye hata mwaka hajatimiza. Nikapiga simu, nikaning'inizwa na muziki wao karibu saa nzima. Dada aliyepokea alikuwa mpole, simlaumu yeye, lakini sikieni alichoniambia: "Naomba upande darini unisomee namba inayoonekana kwenye kioo cha boila, halafu ubonyeze kitufe cha kuliwasha upya."

Nikapanda. Ngazi ni ile ya alumini ninayobadilishia balbu, nimeiegemeza kwenye ukingo wa tundu. Juu hakuna taa. Hakuna sakafu. Kuna maboriti tu, na kati ya boriti na boriti imejazwa sufu ya kuzuia baridi, na chini ya sufu ni jipsamu ya dari, basi. Mwanga wangu ni simu, mkono wa pili umeshika mbao za paa, na miguu inatafuta boriti ambalo halizidi upana wa vidole vitatu. Boila liko kule mwisho, ukutani. Nikaisoma namba, nikabonyeza, halikuwaka. Wakati wa kurudi kandambili ikateleza na kisigino kikazama kwenye sufu. Nikasikia jipsamu inalia. Kwenye dari ya chumba cha mama mpaka leo kuna ufa mwembamba, urefu wa penseli, na chini ya ufa huo ndipo kilipo kitanda chake.

Jibu la simu: iliyoharibika ni feni ya ndani ya boila, feni imo ndani ya waranti, fundi atakuja keshokutwa. Nikashukuru kama mjinga. Siku mbili tukachemsha maji kwa birika na kumwogesha mtoto kwenye beseni.

Fundi akaja asubuhi. Kitambulisho chake cha Gas Safe, sajili rasmi ya mafundi wa gesi, kikiwa shingoni, feni mpya mkononi ndani ya boksi lake. Aliniuliza kitu kimoja tu, tundu la dari liko wapi. Akasimama chini yake na tochi. Akapanda ngazi yangu hadi kichwa kikapita kwenye tundu, akazungusha mwanga, akashuka. Viatu vyake havikuwahi kuondoka kwenye kapeti tena.

"Pole sana. Siwezi kuingia humo."

Nikamwambia juzi tu ofisi yao imenipandisha mimi, usiku, na kandambili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wewe uko nyumbani kwako. Mimi niko kazini."

Hapo ndipo nilipochemka. Fundi mwenye mafunzo, bima na buti za kazi haruhusiwi, ila mteja anayelea mtoto anaambiwa kwa sauti tamu apande gizani! Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaondoka, na feni ikaondoka naye. Baada ya siku chache ikaja barua pepe yenye ankara: pauni 85 za safari ambayo kazi haikufanyika kwa sababu ya mteja. Kwa sababu ya mteja. Niliisoma mara tatu.

Sasa, hasira ilipopungua nilikiri kitu ambacho sikutaka kukikiri. Yule kaka alikuwa na haki. Mimi nilishafika kule juu, ninajua. Angeteleza akiwa na boksi la vifaa begani, angetua kitandani kwa mama. Kuna kanuni za kufanya kazi mahali pa juu za mwaka 2005 zinazomlazimu mwajiri kuzuia mfanyakazi wake asianguke. Ni kanuni njema, ninazikubali. Kwamba hazinihusu mimi ndani ya nyumba yangu hakuipi kampuni ruhusa ya kunituma mahali ambapo wao wenyewe hawamtumi mtu wao. Hili ndilo sitawasamehe, na nasema na wenye ofisi, si na yule dada wala na fundi.

Alipokuwa mlangoni alinipa neno moja la msaada: nisome kitabu cha ufungaji. Nikakitafuta kwenye droo ya jikoni. Imo, imeandikwa na kampuni yenyewe, kwamba boila likiwekwa darini pawe na ngazi ya kudumu ya kukunja, sakafu ya mbao ya kutosha kutoka kwenye tundu hadi kwenye boila na mbele yake, taa isiyohamishika, na kizuizi pembeni mwa tundu ili mtu asitumbukie. Mambo manne. Kwangu hakukuwa na hata moja. Fundi wa orodha yao alikisoma kitabu hicho au hakukisoma, mimi sijui, lakini pesa alipokea.

Shemeji yangu, ambaye ni hodari wa umeme, akajitolea kupanda na kubadilisha feni mwenyewe. Nikakataa, na ninawaomba nanyi mkatae. Kazi ya gesi nchini humu ni ya aliyesajiliwa Gas Safe, wale waliochukua nafasi ya sajili ya zamani ya CORGI mwaka 2009, na kifuniko cha boila nyingi za siku hizi ndicho kinachozuia moshi usiingie ndani ya nyumba. Kikirudishwa vibaya ni gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Tena mtu asiyesajiliwa akiligusa, waranti ndiyo imekwenda.

Aliyelifunga nilimpigia mpaka akaacha kupokea. Nikaacha simu, nikaandika barua. Sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inasema huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kufunga boila mahali ambapo fundi mwingine hawezi kulifikia si ustadi. Waranti ya kiwandani haiondoi haki hiyo, ni kitu cha nyongeza tu, na kwa England na Wales una hadi miaka sita kufungua madai. Kilichotuokoa hasa ni kwamba malipo ya awali mume wangu aliyatoa kwa kadi ya mkopo. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaibebesha kampuni ya kadi dhamana pamoja na muuzaji, kitu kikiwa na bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata kama ulilipa kwa kadi sehemu tu. Nilipotuma nakala ya barua kwa watu wa kadi, simu ya fundi ikapata uhai. Wiki ile ile alikuja na mbao. Hakuniangalia usoni, nami sikumkaribisha chai.

Akaweka sakafu, ngazi ya kukunja, taa na kizuizi. Nikapiga tena simu ya waranti, akaja fundi mwingine, akapanda huku anaongea na mtoto wangu aliyekuwa chini. Feni akaibadilisha kwa muda usiofika hata saa moja. Saa moja! Na sisi tulishakaa wiki tano na hita ya umeme inayohamishwa kutoka chumba hadi chumba, na mama akilala na soksi mbili na koti.

Boila lenyewe sasa linafanya kazi vizuri sana, siwezi kulisingizia. Maji yanatoka ya moto mara moja, nyumba inapata joto upesi. Mtu akiniuliza kama ninunue tena boila hilo, nitasema ndiyo, lakini likae jikoni. Hapana, ngoja. Akiniuliza leo, nikiwa na ankara ile mezani, nitasema hapana.

Nimewatumia picha nne: ngazi, mbao, taa, kizuizi. Wamejibu kwamba waranti inaendelea kama kawaida. Kuhusu pauni 85 hawajasema neno. Nimewaandikia tena asubuhi hii.