Dawa ya asili ya kutunza matunda: maembe yangu yamenuka pombe, nikajibiwa ovyo

Nilishaamua kuliacha hili lipite, lakini kila nikikumbuka yule bwana wa huduma kwa wateja alivyonijibu napandwa na hasira upya. Basi acha niseme.

Ni ule unga unaokorogwa kwenye maji, unachovya matunda, unayaacha yakauke, yanabaki na utando mwembamba wa mafuta ya mimea ambao hata ukiula haudhuru. Jinsi unavyofanya kazi sina ugomvi nako. Tunda hata likishachumwa linaendelea kupumua na kupoteza maji, na ukilipunguzia hewa kidogo, linazeeka polepole. Nta ya nyuki na ute wa mshubiri vinatumika kwa njia hiyohiyo. Mimi si mtu wa kubeza dawa za asili, ndiyo maana nilinunua.

Lebo yao sasa. Imeandikwa kwa herufi kubwa: KWA MATUNDA YOTE. Kipimo kimoja, maji kiasi kimoja, kuchovya kulekule, iwe limau iwe embe.

Nilichovya maembe mabichi yaliyokomaa, kreti kadhaa, nikafuata maelekezo neno kwa neno. Siku za mwanzo nilifurahi kupita kiasi. Yanang'aa, ngozi imekaza, hakuna hata moja lililonyauka kwenye kikonyo. Nikawa nawaita watu waje kuona. Zikapita siku, yale ambayo sikuyachovya yakaiva, yakauzwa, yakaisha. Haya bado kijani. Nikasema hii dawa ni kiboko.

Mteja mmoja akapasua lake mbele yangu. Nje kijani kinachong'aa, ndani karibu na kokwa nyama imelainika, ina majimaji na rangi ya chai, na harufu iliyotoka ni ya pombe kabisa. Nikapasua jingine, vilevile. Nikalamba kidogo kwa ncha ya ulimi: kali, linawasha. Yule mteja alinitazama tu, akarudisha mengine yote, akaenda zake.

Kinachotokea hakihitaji maabara. Embe linaiva baada ya kuchumwa, na wakati wa kuiva linapumua kwa kasi na kutoa kwa wingi gesi ya ethilini, ile inayoivisha matunda. Ukilivalisha utando mzito hewa haipiti vya kutosha, sukari inaanza kuchacha humohumo ndani. Limau halina habari hiyo. Halina kuiva zaidi baada ya kuchumwa, shida yake kubwa ni kukauka na kuoza. Sasa unawapaje wawili hawa kipimo kimoja?

Nikapiga simu. Sikutaka hata kurudishiwa hela, nilitaka waniambie maji yaongezwe kiasi gani kwa embe. Yule bwana hakuniacha nimalize. "Mama, bidhaa yetu ni asilia asilimia 100, haiwezi kuharibu tunda. Maembe yako yalikuwa yameoza kabla." Nikamwambia yaliyotoka kwenye mti uleule bila dawa yameiva vizuri. Akacheka. Kweli, alicheka. "Kwani wewe ni mtaalamu?" Halafu akanipa ushauri: niyaweke kwenye friji, kwenye baridi kali kabisa. Embe bichi! Chini ya nyuzi 12 hivi linaanza kuumia na baridi, ngozi inapiga madoa na likitolewa haliivi sawasawa. Mtu anauza dawa ya matunda na hilo halijui, halafu mimi ndiye naulizwa utaalamu. Alipochoka kunisikiliza akakata simu.

Asilia, asilia. Hata kuchacha ni jambo la asili.

Lakini nisiwe mwongo. Malimau niliyoyachovya kwenye ndoo ileile bado ninayo. Ngozi laini, ukilikamua maji yanatiririka, wakati yale ya pembeni yasiyochovywa yamekuwa magumu kama kokoto. Kwa malimau sijaona kitu bora kuliko huu unga, na nikiulizwa na mwenye machungwa nitamwambia anunue bila kusita. Nadhani hata embe lingefaa kama wangeandika kipimo chake cha peke yake, utando uwe mwepesi. Nakaribia kuwapa alama nzuri hapa.

Kwa maembe nimerudi kwenye maji ya moto, nyuzi 52 kwa dakika 5, kipimajoto kikiwa mkononi. Hayazuii kuiva, lakini yanapunguza ule ugonjwa wa chule unaotia madoa meusi, na hakuna wa kupigiwa simu.

Juzi wamenitumia ujumbe eti nimekuwa mteja wao wa thamani, niwape nyota 5. Nilitaka kuweka 3 kwa ajili ya malimau. Nikakumbuka kile kicheko. Nimeweka 1, na lebo yao wakiibadilisha wanitafute, nitaangalia.