TAHADHARI: Stoo za kontena za kukodi hapa Unguja, usitie saini kabla hujasoma mkataba

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko nje.

Nawaandikia khasa nyinyi mnaoleta mzigo wa Dubai kwa kontena la kuchangia, mnaojenga na vyombo havina pa kukaa, na mnaofunga biashara za pwani masika yakiingia. Ipo yadi hapa Unguja inakodisha makontena ya futi 20 kuwa stoo, kwa mwezi. Ukitaka nafuu unapewa nusu, kontena limekatwa katikati kwa ukuta wa plaiwudi. Jina silitaji, kwa sababu malalamiko yameshapelekwa panapohusika na sitaki mtu apate kisingizio cha kusema amechafuliwa. Mkataba wao mtautambua tu.

Tangazo linalozunguka WhatsApp linasema mlinzi saa 24, kamera, na "mali yako salama kuliko nyumbani". Ukiusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho hukuti sentensi hata moja yenye ahadi hizo. Unachokikuta ni kifungu kinachosema kuwa lolote lililosemwa kwa mdomo au kwenye tangazo halimo katika makubaliano.

Kilichomkuta shemeji yangu wa Wete, Pemba, ni hivi. Aliweka friji mbili, seti ya makochi, samadari ya wazee wake na katoni za marumaru za nyumba anayoijenga. Kodi shilingi 150,000 kwa mwezi, akalipa miezi mitatu mbele pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Mwezi wa nne akachelewa, mamake alikuwa amelazwa Chake Chake. Alipovuka kuja kulipa akakuta kufuli jengine mlangoni, na nusu ya vitu havimo. Akaambiwa vimeuzwa mnadani. Mnada uliotangazwa wapi? Dalali nani? Viliuzwa bei gani? Hakuna karatasi. Kijana wa ofisini akamfungulia mkataba, akamwekea kidole penye saini yake, basi.

Nikauomba mkataba niusome. Kurasa tisa, maandishi madogo, Kiingereza kitupu, na aliyemtilisha saini alimwambia kwa Kiswahili kuwa "ni utaratibu wa kawaida tu, bwana". Ukurasa wa mwisho unasema mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za England na Wales. Nilicheka, ingawa si la kuchekesha. Kontena liko Unguja, mwenye yadi yuko Unguja, mwenye friji katoka Wete, kesi ikasikilizwe London? Maana yake wameunyofoa mkataba wa kampuni ya Uingereza kutoka mtandaoni, wakabadilisha jina na kuongeza makali yao. Sheria ya Uingereza yenyewe hawakuinakili. Kule, kwa sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, kifungu kisicho cha haki hakimfungi mlaji hata kama amekitia saini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo shina la udanganyifu wote: nani anashika ufunguo.

Biashara hii ilikoanzia, Marekani na Uingereza, mteja huja na kufuli lake na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Mwenye jengo haingii, hagusi, hajui kilichomo. Ndiyo maana anaweza kusema, kwa kiasi fulani cha haki, "mimi nimekukodisha chumba tu, mali ni juu yako". Yadi hii imeichukua kauli hiyo hiyo ikaiandika kwenye kifungu cha kwanza kabisa: sisi hatupokei mali kwa kuihifadhi, tunakodisha nafasi. Lakini kufuli ni lao na ufunguo ni wao. Ukitaka hata kuchukua feni moja lazima umpigie msimamizi aje akufungulie, saa za kazi, na Jumapili hakuna. Kisha kuna kifungu kinachowaruhusu kuingia wakati wowote bila taarifa na kuhamishia mali yako kontena jengine. Mtu anayeshika ufunguo, anayeingia atakapo na kukuhamishia vitu si mkodishaji wa chumba. Amepokea mali ya mtu mikononi mwake. Sheria ya mikataba tunayoitumia Zanzibar, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inamtaka aliyepokea mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza yake mwenyewe. Kwa hiyo wakikwambia "sisi wakodishaji tu", waulize ufunguo uko wapi. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko kichwa cha mkataba.

Hapo ndipo kile kifungu cha "hatuwajibiki kwa hasara yoyote, hata ikitokana na uzembe wa wafanyakazi wetu" kinapoanza kunuka. Unamlipa mtu akulindie, na kwenye karatasi hiyo hiyo anakwambia akilala usimlaumu. Na si wizi tu wa kuogopa. Kontena la chuma lisilo na matundu ya hewa hutoa jasho: mchana linachemka, usiku linapoa, unyevu unageuka matone chini ya bati na kudondokea vitu. Masika ya Machi hadi Mei godoro linaota koga ndani ya wiki chache. Kwao hilo nalo ni "hasara ya mteja".

Kifungu cha kuuza ndicho cha hatari kuliko vyote. Ukichelewa siku saba, wao wana ruhusa ya kuuza mali yote, bila taarifa, kwa bei waionayo, na kinachozidi deni kinabaki kwao. Someni tena hapo pa mwisho. Unadaiwa laki moja na nusu, wanauza vitu vya milioni tatu, na milioni mbili na ushei wanatia mfukoni. Hata aliyeshika rehani, ambaye sheria inamruhusu kuuza mdaiwa akishindwa kulipa, anatakiwa kwanza atoe taarifa ya muda wa kutosha, na ziada amrejeshee mwenye mali. Iweje mwenye kontena awe na nguvu kuliko mshika rehani? Kuzuia mzigo hadi ulipe anaweza akawa na hoja. Kuupiga mnada kimyakimya na kula ziada, hana.

Faini yao ni asilimia 5 ya kodi kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa kodi ya 150,000 hiyo ni 7,500 kwa siku. Siku ya 20 faini imeshakuwa sawa na kodi ya mwezi mzima, na siku ya 30 ni 225,000 juu ya kodi yenyewe. Kwa sheria hiyo hiyo ya mikataba, kiasi kilichoandikwa kuwa adhabu hakilipwi hivi hivi kwa kuwa kimeandikwa. Mahakama huangalia fidia inayostahiki, na kilichoandikwa huwa ni kikomo cha juu tu. Kwa hiyo wakikupigia hesabu ya kutisha, usikimbilie kuuza ng'ombe.

Bima nayo ni mchezo. Kila mwezi wanakata 15,000 wanayoiita "bima ya lazima". Shemeji alipoomba karatasi ya bima, namba yake na jina la kampuni, hakupewa chochote. Bima nchini inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, Unguja na Pemba zikiwemo, na asiyesajiliwa nayo haruhusiwi kuiuza. Kama hawana hati ya bima ya kukuonesha, hiyo ni kodi ya pili kwa jina jengine.

Mengineyo nayataja kwa haraka: kodi inaweza kupanda bila taarifa, ukitaka kuondoka utoe notisi ya siku 60 ilhali wao wanakutoa kwa siku tatu, dipoziti hairudi "kwa sababu yoyote", na eti mteja anakubali kutoshitaki popote. Hilo la mwisho lisikutishe hata kidogo. Makubaliano ya kumzuia mtu kabisa asiende mahakamani kudai haki yake ni batili, hata ungeyatia saini mara kumi.

Anayelazimika kukodi stoo, iwe kwao au kwengine, aombe mkataba kwa Kiswahili na apewe aende nao nyumbani. Wakikataa usitoe pesa. Weka kufuli lako, ufunguo ukae kwako. Andikeni orodha ya vitu pamoja, msaini wote wawili, upige na picha mlango ukiwa wazi. Kifungu cha kuuza kifutwe, au kiandikwe upya: taarifa ya maandishi kwa namba yako na ya mtu wako wa pili, muda usiopungua mwezi mmoja, mauzo ya wazi kupitia dalali anayejulikana, na ziada irudi kwako. Dai risiti ya kielektroniki ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Kile kikaratasi cha daftari chenye muhuri wa wino usikikubali. Jina la biashara liulizie BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, kabla hujalipa, maana jina lililoko kwenye bango la hawa jamaa na lililoko kwenye mkataba ni mawili tofauti, na ukitaka kudai lazima ujue unamdai nani.

Kwa mlioingia tayari: msiache kulipa kodi halali kwa hasira, maana mtawapa sababu. Lipeni kwa njia inayoacha alama, benki au simu, na mwandike ujumbe kwamba mnalipa kodi na faini mnaipinga. Mkifungiwa, nendeni kwa sheha wa shehia ilipo yadi, mje na shahidi, mwombe kuona mali kabla haijahamishwa. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2018 ya ushindani na kumlinda mtumiaji. Malalamiko ya Bara yana tume yake, msipelekwe huko mkapotezewa muda. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Pemba pia wapo. Na kama vitu vimeshauzwa bila hesabu, fungueni taarifa polisi siku hiyo hiyo, mtaje kila kitu kwa jina na alama zake, maana friji za shemeji zimeshaonekana zikiuzwa duka moja la mitumba, na namba zake za kiwandani tunazo.

Mwenye mkataba wa kurasa tisa unaotaja England na Wales aniandikie faraghani. Tunakusanya nakala ziende Tume pamoja na ya shemeji.