Chumba cha kupanga Marburg, miezi mitatu: siku ya kurudisha ufunguo ndo nilikijua vizuri (nyota 4 kati ya 5)

Nianze na jina la mji maana najua ndo mtakaloshikilia. Mi mtu wa Bukoba. Kwetu ukitamka Marburg hakuna anayefikiria mji, watu wanakumbuka ule mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wa 2023. Nilipompigia mama kwamba nimepata mafunzo ya maabara miezi mitatu huko, alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Mwanangu, Ujerumani nzima hakuna mji mwingine?" Ikabidi nimweleze taratibu kwamba ugonjwa ndo ulichukua jina la mji, kwamba 1967 wafanyakazi wa maabara pale waliugua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda, wengine wakaugua Frankfurt na Belgrade, jumla watu 31 na 7 wakafariki. Yani mama, tumbili wenyewe walitoka jirani na kwetu. Hakuridhika, ila aliniombea.

Sasa chumba. Kiko Oberstadt, ule mji wa juu chini kidogo ya ngome, nyumba ya zamani ya fremu za mbao, ghorofa ya tatu, ngazi 47 nilizihesabu siku ya kwanza na sikuzihesabu tena. Sakafu imelala upande, ukidondosha chungwa dirishani linajiviringisha lenyewe mpaka mlangoni. Boriti ya dari iko chini, wiki ya kwanza nimeigonga kwa paji la uso mara nne. Kodi euro 560 kwa mwezi, umeme, maji, hita na wifi humo humo, dipoziti 800. Kwa kukaa sina neno. Hita inawaka, majirani wametulia, na kengele za kanisa la Mtakatifu Elisabeth zinakufikia kitandani, kanisa lilianza kujengwa 1235, miaka minne tu baada ya yeye mwenyewe kufa akiwa na miaka 24. Nilikuwa naenda kukaa humo ndani hata siku ambazo sina cha kusali.

Tatizo ni siku ya mwisho. Kosa la kwanza ni langu, nilikubali kukabidhi Jumapili. Jamani msikubali Jumapili. Mi nilikuwa nimeweka chupa za plastiki kwenye kona ya jiko tangu mwezi wa kwanza, kila moja ina senti 25 zake ukiirudisha kwenye mashine ya dukani, nikasema nitazipeleka zote mwishoni nipate hela ya kahawa eapoti. Jumamosi nikazurura mjini kuaga watu mpaka giza, Jumapili naamka, maduka yote yamefungwa. Chupa 34! Euro nane na nusu imekaa inaniangalia. Na zile za vioo za jam na mafuta nazo hazitupwi Jumapili, kwenye kontena wameandika kabisa saa za kutupa, eti kelele. Mwisho nikazipanga zile za plastiki pembeni ya pipa la barabarani, nilishaona wenyeji wanafanya hivyo ili wanaookota chupa wasiingize mkono kwenye taka. Nilipopita tena baada ya nusu saa hazikuwepo. Za vioo nikamwachia bibi mwenye nyumba kwa aibu.

Huyo bibi sasa. Mtu wa miaka sabini hivi, mwema, nilimpelekea kahawa ya Bukoba nilipofika na aliinywa mbele yangu bila sukari. Mkataba unasema chumba kiachwe "besenrein", yani kimefagiwa, nami nimefagia, nimepiga deki, nimefuta madirisha, najiona nimevuka kiwango. Saa nne kamili asubuhi, siyo saa nne na dakika moja, amegonga. Ana karatasi, ana kalamu, ana tochi. Tochi! Akamulika ndani ya oveni. Akamulika nyuma ya choo. Akafungua birika la umeme akaniita niangalie chini, kuna ukoko mweupe wa chokaa ya maji, mi miezi mitatu najua ndo rangi ya birika. Hakugomba, alitoa siki kwenye kabati, akamwaga humo, akachemsha, tukakaa tunasubiri birika wawili sisi kama watu waliofiwa, chumba kizima kinanuka achari. Ukoko ukatoka wote. Akaweka alama ya vema kwenye karatasi.

Kwenye meza ya jiko ndo aliponishika. Kuna duara jeusi kwenye mbao, ukubwa wa sufuria yangu ya ugali, siwezi hata kubisha maana ukiiweka sufuria pale inaingia barabara. Euro 40. Nililipa kwa roho safi, lile duara ni langu. Ila kuna mkwaruzo mwingine mlangoni akataka kuuandika nao, nikatoa simu nikamwonyesha picha niliyopiga siku naingia, akavaa miwani, akaitazama, akaufuta. Kwa hiyo piga picha siku ya kwanza, kila kona, hata ukionekana mshamba.

Nyota niliyoitoa ni ya dipoziti. Nilidhani napewa mkononi siku ile ile. Wapi. Mwenye nyumba ana haki ya kukaa nayo muda mpaka hesabu zake zitimie, na mi kwa haraka zangu Jumatano nilishajiondoa kwenye orodha ya wakazi, jambo ambalo ni lazima ukihama nchi, na siku hiyo hiyo nikafunga na akaunti ya benki. Hela ilikuja baada ya wiki tisa, kwa njia ya kutuma nje ya Ulaya, njiani ikakatwa makato yao. Angeniambia hilo mwanzoni ningeacha akaunti wazi. Alitakiwa aseme.

Kutoka pale ni kushuka. Marburg ina lifti ya bure inayokutoa mji wa juu mpaka barabara ya chini, Pilgrimstein, ni msaada mkubwa, lakini kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye lifti ni mawe matupu, na mvua ilikuwa imelowesha majani, begi la kilo 28 likapiga kelele mtaa mzima siku yao ya ukimya mpaka gurudumu likachomoka. Nimesimama mbele ya Rathaus, jumba la halmashauri ya mji, gurudumu mkononi, saa tano inagonga, yule jogoo wa chuma juu ya saa anapiga mabawa, watalii wote wameinua simu, nami nikamwangalia mpaka mwisho. Miezi mitatu nilikuwa nampita tu.

Chini kwenye taa za barabarani zile zinazotoa mlio kwa ajili ya wasioona, mji una shule yao tangu 1916 kwa hiyo utawaona wengi na fimbo zao, kijana mmoja asiyeona alisikia begi linavyoburuta akauliza kama gurudumu limekatika. Akanishikia upande mmoja mpaka kituo cha basi.

Nilipofika Bukoba jirani alikuja kunipokea na mkono ameshaunyoosha, akauliza natokea mji gani. Nikamwambia Frankfurt.