Jino la mbele la binti yangu: uzoefu wangu na kliniki ya meno hapa Mwanza

Nyota nne kati ya tano, na nne hizo zote ni za daktari.

Binti yangu ana miaka minane. Alianguka kwenye mawe ya shuleni kwao, Bwiru, jino la juu la mbele likatoka lote na mzizi wake. Ni jino la kudumu, si la utoto. Mwalimu wa zamu, Mungu ambariki, aliliokota kwa kulishika upande wa kutafunia, hakuusugua mzizi, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa. Zahanati ya kwanza tuliyopita walituambia jino likishatoka limetoka, tusubiri akue awekewe la bandia. Nikapanda bajaji na kikombe changu mpaka mjini.

Daktari wa kliniki hii hakutuweka foleni. Alisema chembe hai zilizobaki kwenye mzizi zikikaa kavu kwa saa nzima huwa zimekufa karibu zote, maziwa ndiyo yaliyotuokolea muda. Akapiga ganzi, akasafisha, akalirudisha mahali pake, akalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba wa wiki mbili. Waya wenyewe unaacha jino litikisike kidogo, na aliniambia ni makusudi.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuniahidi kitu. "Mama, mzizi wa mtoto huyu bado haujafunga nchani. Mishipa inaweza kurudi yenyewe, kwa hiyo leo sitoi neva. Lakini inaweza pia isirudi, ndiyo maana lazima nimuone." Akaandika ratiba: wiki mbili, mwezi, miezi miwili, mitatu, sita, mwaka, kisha kila mwaka hadi miaka mitano.

Mishipa haikurudi. Kwenye miezi mitatu kikatokea kipele cha usaha kwenye fizi, mtoto wala halalamiki maumivu. Bila ile ratiba nisingejua. Daktari alisafisha ndani ya mzizi, akaweka dawa ya kalsiamu, baadaye akaziba ncha kwa saruji maalumu ya meno ndipo akajaza.

Mwaka umepita. Jino lipo, anatafunia, rangi imefifia kidogo ukilinganisha na la pembeni. Kila tukienda daktari huligonga kwa mpini wa kioo chake, kisha hugonga la jirani, anasikiliza. Lililogandana na mfupa hutoa mlio mkali kama chuma, na kwa mtoto anayekua hilo ni tatizo, maana taya linakua jino linabaki nyuma, linaonekana fupi. La kwetu mpaka sasa linalia sawa na mwenzake. Hata likija kugandana, alishanieleza, litakuwa limeutunza mfupa wa taya mpaka umri wa kuweka la bandia ufike. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipia.

Nyota moja nimeiondoa kwa ajili ya mapokezi. Unalipa kila hatua kivyake na hakuna anayekupa jumla mapema, kwa hiyo dai mchanganuo wa matibabu yote kabla hujaanza. Jumamosi kumejaa mno, nenda katikati ya wiki asubuhi.