Kadi ya USB 3.0 yenye chipu ya Renesas: dawa ya kompyuta za mezani za mtumba

Dell OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite zimejaa madukani, Kariakoo hadi Luthuli. Core i5 ya kizazi cha pili iliyomo ndani inazimudu kazi za ofisi vizuri tu. Kinachoziangusha ni poti: zote ni USB 2.0, kwa sababu Intel iliiingiza USB 3.0 kwenye chipu za bodi zake mwaka 2012, mashine hizi zikiwa zimeshatoka. Kupeleka GB 50 kwenye diski ya nje kwa poti hizo, kwa kasi halisi ya takriban MB 35 kwa sekunde, ni dakika 24. Diski hiyohiyo ikichomekwa kwenye kadi hii, inayofungwa ndani ya kompyuta kuongeza poti za USB 3.0, hufika MB 110 hivi, na kazi inakwisha chini ya dakika 8.

Kadi tunayoipima ni ya poti nne, chipu yake Renesas uPD720201. Inauzwa kwa majina mengi, kwa hiyo achana na jina la boksi, soma maandishi yaliyo juu ya chipu: D720201. Yenye D720202 ni ya poti mbili. Ukiona poti saba kwa chipu moja ya aina hii, ujue kuna habu (kigawanya poti) ndani na poti kadhaa zinagawana njia moja. Tazama pia pembeni kama kuna kichipu cha miguu minane. Hicho ndicho kinachotunza programu ya kuiendesha kadi. Kadi isiyo nacho husubiri kompyuta iipakie programu hiyo, na Linux imeanza kulimudu jambo hilo kwenye kerneli (kiini chake) 5.8, tena uwe umelitafuta faili mwenyewe. Muuzaji akikataa kukufungulia boksi, nenda duka la pili.

Jambo la sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi kwenye bodi, ndilo linalowapotosha wengi. Kadi ni ya sloti za PCIe 2.0 x1 (x1 ni njia moja ya data), yenye ukomo wa MB 500 kwa sekunde kwa poti zote nne kwa pamoja. Ukitoa gharama za njiani, SSD moja ya nje inabaki na chini kidogo ya MB 400. Kwenye OptiPlex 790 hilo linapatikana bila shida. Kwenye OptiPlex 780 na wenzake wa 2009, sloti fupi za x1 ni za PCIe 1.1, yaani nusu ya kasi hiyo. Huko ichomeke kwenye sloti ndefu ya kadi ya picha, ambayo ni PCIe 2.0, kama haitumiki. Baadhi ya bodi kuukuu huikataa sloti hiyo kwa kitu kisicho kadi ya picha, kwa hiyo jaribu kabla hujafunga kasha. Sloti nyeupe za PCI ziache kabisa. Njia yake nzima ni MB 133 kwa sekunde.

Umeme nao usiupuuze. Kila poti ya USB 3.0 inaruhusiwa kutoa miliampia 900. Nne ni ampia 3.6, sawa na wati 18. Sloti ya x1 kwa kawaida inatoa wati 10, na haina volti 5 kabisa. Ndiyo maana kadi ina tundu la umeme la SATA la pini 15. Lisipounganishwa, mausi inaweza kufanya kazi ukadhani mambo shwari, kisha diski ya nje ikaanza kugonga tik-tik na kupotea katikati ya kunakili. Kama waya za SATA zimekwisha, tumia waya wa kugawanya SATA kwa SATA. Vile viunganishi vya Molex (plagi ya umeme ya zamani ya pini nne) kwenda SATA vilivyomiminwa plastiki nzima vimeshaunguza mashine za watu: waya hukaribiana ndani ya plastiki na kupiga shoti.

Kwa kasha dogo, hakikisha boksi lina bati fupi la nyuma. Chomoa umeme, bonyeza swichi sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, badilisha bati, chomeka, kaza skrubu. Windows 8 na kuendelea inaitambua yenyewe. Windows 7 inadai draiva ya Renesas.

Kasoro zake? BIOS za mashine hizi (programu ya kuwashia kompyuta) haziioni, kwa hiyo kibodi na flashi ya kuwekea Windows zibaki kwenye poti za zamani. Kipokezi cha mausi isiyo na waya kiweke mbali nayo, maana USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4 na mshale huanza kurukaruka. Flashi za bei ya chini haziongezi kitu katika kuandika. Na chomeka kwa haraka: ukisukuma polepole, pini za USB 2.0 hugusa kwanza na diski inaweza kunasa kwenye kasi ya zamani. Ikitokea, chomoa urudie.

Kwa bei yake tunaipendekeza. Ikikosekana, chukua yenye VIA VL805, chipu iliyotumika kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Anayenakili SSD nne kwa mpigo atafute StarTech PEXUSB3S44V, yenye njia nne zinazojitegemea, lakini hiyo inataka sloti ya x4.