TAHADHARI: hizi gemu stiki za "gemu elfu kumi" Kariakoo, mi nshapigwa

Wazazi wenzangu, hasa nyie mnaotafuta zawadi ya mtoto, nisomeni kwanza kabla hamjatoa hela. Mwanangu wa miaka 9 kafanya vizuri shule nami kwa mdomo wangu nilishamwahidi pleisteshen bila kujua bei yake (nilidhani laki na nusu inatosha, msinicheke). Nimeingia Kariakoo, kijana wa duka kaniona nimezubaa, "mama ya nini ujiumize, chukua hii stiki, ndani gemu elfu kumi, unachomeka kwenye tivii umemaliza." Boksi lina picha ya padi ya PS5 (pleisteshen ya sasa), Ronaldo, na maandishi makubwa FIFA 25. Elfu 65. Nikajiona nimeokota embe dodo chini ya mwarobaini.

Tumefika nyumbani dogo kachomeka kakimbilia mpira. Wachezaji kama punje za mchele, vichwa vya mraba. "Mama, mbona Ronaldo hana sura?" Nikamwambia labda tivii yetu.

Usiku nikakaa nayo mwenyewe. Contra, ile gemu ya zamani ya kupiga risasi, ipo mwanzoni, ukishuka ipo tena, ukishuka tena ipo, kila mahali jina jingine ila ni ileile ya enzi za kaka zetu. Ni gemu za ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani 1983, zimekopiwa zikabandikwa majina mapya basi. Mdogo wangu anatengeneza kompyuta, akanipigia hesabu, gemu moja tu ya mpira ya PS5 inakula zaidi ya GB 30 na memori kadi ya hii stiki ni GB 64, sasa hizo elfu kumi zimekaa wapi? Halafu EA, kampuni iliyokuwa inatoa gemu za FIFA, hawajawahi kutoa FIFA 25, jina la FIFA waliishia nalo kwenye FIFA 23, iliyofuata ikaitwa FC 24. Yaani boksi lenyewe linajichoma, ila sisi tusiocheza tungejulia wapi, na ndo sisi wanaotuvizia.

Padi nazo zinachelewa kuitika, mtoto anabonyeza aruke, jamaa anaruka akishakufa. Siku ya pili nikamsikia anamwambia mwenzie "mi gemu sijui" na huyu ndo alikuwa anawafunga wote pale kibandani kwa jirani. Iliniuma kuliko hela.

Siku ya tatu nikachomoa kabisa, maana binti yangu wa miaka 5 alifungua mchezo wa vigae vya Kichina, kumbe ukishinda inakuja picha ya mwanamke anayepunguza nguo. Hakuna sehemu ya kuweka namba ya siri, na hiyo listi ndefu nani ataipitia yote?

Kama unazitaka hivyohivyo kwa ajili ya Mario za zamani sawa, ni hela yako, ila mwambie achomeke palepale dukani akufungulie ILE gemu iliyochorwa kwenye boksi, akianza oh umeme oh tivii mbovu, ondoka. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mi nilipewa kikaratasi cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" na sikuuliza, uzembe wangu. Nimeambiwa Tume ya Ushindani, wale FCC, ndo wanashughulika na vitu feki.

Jumamosi narudi dukani na boksi langu, mwenye uzoefu wa kurudishiwa hela aniambie naanzia wapi.